Rimu na matairi ya Impreza WRX na STI: soma namba kabla hujatoa hela

Subaru Impreza WRX au STI inapofika mikononi mwako, mara nyingi imeshavishwa viatu vya mtu mwingine. Huenda mwenyewe wa Japani alivua rimu za kiwandani akabaki nazo, huenda mtu wa katikati alizibadilisha, huenda mmiliki aliyekutangulia hapa alipenda inchi 19. Kwa hiyo kabla ya kwenda Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani Dar es Salaam kutafuta rimu, jua kwanza gari lako lilitoka kiwandani na nini. Mengi yanayokufa baadaye, kuanzia beringi za magurudumu hadi difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), huanzia kwenye namba ambazo hakuna aliyezisoma.

Na anza na tairi, si rimu. Tairi ndilo linaloshika lami, ndilo linalobeba uzito, ndilo linalomeza shimo. Kazi ya rimu ni kulishikilia tairi hilo mahali pake bila kugusa kalipa ya breki, shokapu wala fenda. Anayeanza na rimu kwa sababu ya sura huishia kuvalisha tairi lolote litakaloingia.

Gari lako ni lipi hasa

Tazama kibao cha chasi kwenye chumba cha injini. Herufi za mwili ndizo zinazoamua, si beji iliyobandikwa nyuma, kwa maana beji ya STI inauzwa kama kibandiko.

- GDA (WRX ya 2000 hadi 2007): PCD (idadi ya bolti na kipenyo cha duara lao kwa milimita) ni 5x100. Rimu ya inchi 17 ya kiwandani ina upana wa inchi 7 na ofseti +55 (maana yake iko kwenye sehemu ya kusoma rimu), kwa tairi 215/45R17.
- GDB (STI) hadi katikati ya 2004: 5x100, rimu 17x7.5 yenye ofseti +53, tairi 225/45R17.
- GDB kuanzia toleo E la katikati ya 2004 hadi 2007: 5x114.3, rimu 17x8 yenye ofseti +53, tairi 225/45R17 au, kwa magari ya soko la Japani, 235/45R17.
- GRB na GVB (STI ya 2007 hadi 2014) zenye breki za Brembo: 5x114.3, rimu 18x8.5 yenye ofseti +55, tairi 245/40R18.
- WRX isiyo STI ya miaka hiyohiyo ilibaki na 5x100. Kizazi cha VA kilichofuata ndicho kilichohamia 5x114.3.

Zote zina tundu la kati la milimita 56.1, na bolti za habu (kitovu cha gari kinachoshika gurudumu) za M12x1.25.

Mtego mkubwa uko kwenye GDB. Magari mawili yanaweza kufanana kwa mbali, moja lina 5x100, jingine 5x114.3, na mengine yameshabadilishwa habu na fundi kwa sababu rimu pana za 5x114.3 ni rahisi kupatikana. Usikisie. Pima umbali kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti jirani yake. Ukipata karibu milimita 58.8, hiyo ni 5x100. Ukipata karibu 67.2, ni 5x114.3. Ukipima mashimo ya rimu ukapata 65.8, mbele yako una rimu ya 5x112 ya gari la Ujerumani. Hiyo hukaribia kuingia kwenye 114.3, na ndiyo sababu huwa inalazimishwa: nati zinabana kwa shida, zinakaa upande, na baada ya muda bolti inakatika. Kipimo kisipolingana, rudisha rimu.

Habari njema kwa wenye 5x100 ni kwamba Forester na Legacy za miaka ileile zina PCD hiyo, na tundu lilelile la 56.1. Rimu za kiwandani za STI ya kabla ya toleo E ni mali nzuri na huuzwa kwa bei ya kawaida, kwa kuwa wengi hawazijui. Ila rimu za Toyota za 5x100, kama za Celica, hazipandi: tundu lake ni 54.1, habu ya Subaru ni 56.1, na hakuna nyundo itakayoondoa hizo milimita mbili kwa heshima. Rimu za 5x100 za Volkswagen zina 57.1, kwa hiyo zinaingia, lakini vikalio vya bolti zake ni vya mviringo kama mpira, wakati nati za Subaru zina koni ya nyuzi 60. Nati ya koni ikikalia shimo la mviringo inagusa ukingo mwembamba tu. Leo itabana, kesho italegea.

Tairi kwanza

Kipimo cha tairi husomwa hivi. Chukua 225/45R17. Milimita 225 ni upana. Ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani 101. Mara mbili, kwa kuwa kuna ubavu juu na chini, ni 202.5. Inchi 17 mara 25.4 ni 431.8. Jumlisha: tairi lina kipenyo cha milimita 634.3.

Sasa linganisha na yanayotajwa sana dukani kwa mwili wa GD (yaani GDA na GDB):

- 205/55R16: 631.9
- 225/40R18: 637.2
- 235/45R17: 643.3
- 235/40R18: 645.2
- 245/40R18: 653.2

Kaa ndani ya asilimia 2 ya kipenyo cha kiwandani. 225/40R18 inazidi kwa chini ya asilimia moja, haina neno. 235/40R18 inazidi kwa asilimia 1.7: mshale wa spidi ukionyesha 100, gari linakwenda karibu kilomita 2 zaidi ya lilivyokuwa likienda na tairi la kiwandani. 245/40R18 kwenye GDB inazidi kwa asilimia 3, na hapo tairi la mbele litaanza kusugua plastiki ya ndani ya fenda ukikata usukani wote.

Inchi 18 au 19? Kwa barabara zetu, jibu la mwili wa GD ni 17. Ubavu wa 225/45R17 ni milimita 101. Wa 225/40R18 ni 90. Wa 225/35R19 ni 79. Shimo lililochongoka pembeni ya lami, au tuta lisilochorwa, hubana ubavu hadi rimu igonge ardhi kupitia mpira. Nyuzi za ndani zikikatika, ubavu unatoa nundu kama jipu, na tairi hilo halitibiki. Rimu nayo hupinda mdomo wa ndani, upande usiouona ukisimama kando ya gari. Magari ya Safari Rally yanayopita Naivasha, yenye mafundi na helikopta nyuma yake, huvaa rimu za inchi 15 kwenye vumbi, kwa sababu hiyohiyo ya kutaka mpira mrefu kati ya rimu na jiwe. Inchi 18 waachie GRB na GVB, ambazo zimeundwa nazo. Hata hizo zinaweza kushuka hadi 17 kwa rimu inayopita kalipa ya Brembo, ila kipenyo kirudishwe karibu na 653, kwa mfano 245/45R17, ambayo ni 652.3 na imekaa vizuri kabisa.

Sasa jambo linaloumiza wengi zaidi. Subaru hizi zinavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Matairi yasipolingana mzunguko, difu ya kati inakuwa kazini hata kwenye barabara iliyonyooka, kwa sababu mbele na nyuma havizunguki sawa. Kwenye WRX ya gia za mkono, ndani ya difu hiyo kuna kifaa chenye mafuta mazito ya silikoni. Kikizungushwa mfululizo kinapata joto, kinakaza, na utaanza kuhisi gari linajifunga ukikata kona polepole sehemu ya kuegesha, kana kwamba breki ya mkono imeshikwa nusu. Mwongozo wa Subaru ni kwamba tofauti ya mzunguko kati ya matairi manne isizidi milimita 6.4. Ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha milimita 2, yaani milimita 1 tu ya kina cha mifereji ya tairi. Tairi jipya huja na kina cha milimita 8 hivi. Kwa hiyo likipasuka moja na mengine matatu yamebaki na milimita 5, huwezi kununua moja. Nunua manne, au utafute lililotumika la aina ileile lenye kina kinachokaribiana. Usichanganye pia aina mbili tofauti zenye kipimo kimoja ubavuni. 225/45R17 ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile zinaweza kutofautiana milimita kadhaa. Njia ya uhakika ni kuzungusha utepe wa kupimia katikati ya tairi, likiwa na upepo sahihi, na kuandika namba ya kila moja.

Kwa sababu hiyohiyo, hamisha matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ili yaishe pamoja.

Tairi lenyewe, na maandishi yake

Gari lililotoka Japani kaskazini au lililouzwa wakati wa baridi mara nyingi huja na matairi ya theluji. Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mifereji yake imejaa michanjo midogo myembamba kama ya wembe. Yanapendeza machoni, meno bado marefu, na muuzaji atakuambia ni mapya. Yavue. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya joto la Mombasa unakuwa kama ulimbo, unalika haraka, na gari linayumba ukikata kona kwa kasi. Kwenye mvua breki inakwenda mbali zaidi kuliko tairi la kawaida. Kwa gari la nguvu ya farasi zaidi ya 250 hayo si matairi, ni deni.

Umri husomwa kwenye mstari unaoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Msimbo kamili huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo muuzaji anayekataa kuligeuza ana sababu. Tairi lililokaa stoo miaka sita likiwa halijatumika si jipya, hata kama bado lina vinyweleo vya kiwandani. Likishapita miaka mitano kazini likague kila mwaka, hasa nyufa ndogo kwenye ubavu na chini ya mifereji, na likifika kumi litupe hata kama lina meno.

Baada ya kipimo hufuata namba na herufi, kwa mfano 91W. Namba ni uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni 670, 97 ni 730. Herufi ni kasi: H ni kilomita 210 kwa saa, V 240, W 270, Y 300. Usishuke chini ya iliyo kwenye kitabu cha gari. Si kwamba utafika 270 pale Thika Road. Herufi ya juu inaonyesha pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto ndilo linaloua matairi. Tairi lililoandikwa XL limeimarishwa na linabeba zaidi, na kwa mashimo yetu ni chaguo zuri, ila linataka psi 1 hadi 2 zaidi ya kibandiko cha mlango wa dereva ili libebe uzito uleule. Pima asubuhi likiwa baridi, si baada ya kuendesha.

Kuna namba ya Treadwear pia, ya jinsi mpira unavyolika. 200 ni mpira laini wa kushika, unaisha haraka. 300 hadi 400 ndio wa gari la kila siku linalotakiwa bado kupiga kona. Zaidi ya 500 ni mpira mgumu unaofaa gari la familia. Ukiuweka kwenye STI unakuwa umenunua breki za Brembo kisha ukazivalisha kandambili. Traction, daraja la mshiko, iwe A au AA, kwa sababu hiyo hupimwa kwa breki kwenye lami iliyolowa.

Kusoma rimu

Nyuma ya mikono ya rimu, au ndani karibu na habu, kuna maandishi kama 17x8J, 5x100, ET48. ET ndiyo ofseti: umbali kwa milimita kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Namba kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Namba ndogo, linatoka nje.

Upana ulingane na tairi. 225/45R17 inakubali rimu ya inchi 7 hadi 8.5. 235/45R17 inataka 7.5 hadi 9. 245/40R18 inataka 8 hadi 9.5. Ile mitindo ya kunyoosha tairi jembamba juu ya rimu pana inaacha mdomo wa rimu ukiwa wazi, na jiwe la kwanza la ukingo wa barabara litakuonyesha kasoro yake.

Hesabu ya ofseti haihitaji tovuti. Tuseme GDB ya 5x100 ina 17x7.5 +53 na umeona 18x8.5 +44. Upana umeongezeka inchi 1, yaani 25.4, nusu yake ni 12.7, inakwenda nje na nyingine 12.7 ndani. Ofseti imepungua 9, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje 9. Upande wa nje: 12.7 jumlisha 9, sawa na milimita 21.7 karibu na fenda. Upande wa ndani: 12.7 toa 9, sawa na 3.7 karibu na shokapu. Sasa kapime kama hizo nafasi zipo.

Kupima kwenyewe: gari likiwa chini, weka rula iliyosimama kwenye ubavu wa tairi na upime hadi ukingo wa ndani wa fenda. Kisha inua, vua gurudumu, lilaze, weka ubao ulionyooka juu ya mdomo wa ndani, upime kina hadi uso unaokaa kwenye habu. Pima pia kutoka habu hadi shokapu na sahani ya springi. Baada ya mabadiliko ibaki angalau milimita 4 hadi 5 kati ya tairi na shokapu. Nyuma usiamini kipimo cha gari tupu. Weka watu wanne ndani, likandamizwe, ndipo upime tena fenda, maana Impreza yenye springi fupi za baadaye hukaa chini zaidi ya ilivyoandikwa popote.

Kwa mwili wa GD wenye fenda ambazo hazijakunjwa, 17x8 yenye ofseti kati ya +45 na +53, ikivaa 225/45 au 235/45, inakaa bila ugomvi. Ukishuka hadi +35 rimu itajaza fenda na kupendeza, kisha utasikia tairi likilamba ukingo kila tuta. Beringi na mikono ya usukani navyo vinabeba mzigo kutoka mbali zaidi, na usukani unaanza kuvutwa na kila bonde la lami.

Kalipa za Brembo ndizo zinazokataa rimu nyingi. Inchi 16 haipiti. Inchi 17 inapita ikiwa mikono yake imejikunja kutosha kwenda nje, na jambo hilo halisomeki kwenye PCD wala ofseti. Chukua kidonge cha unga wa chapati uliokandwa, ubandike kwenye uso wa kalipa sehemu iliyotokeza zaidi, uvalishe rimu bila tairi, ubane nati mbili kwa mkono, uzungushe mara moja, uvue. Unene wa unga uliobaki ndio nafasi yako. Milimita 3 zinatosha. Chini ya hapo, kipande cha uzito wa balansi kilichobandikwa ndani au kokoto iliyokwama itakwaruza kalipa.

Tundu la kati. Rimu za madukani huja na tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie magari mengi. Habu yako ni 56.1. Unahitaji pete za 73.1 kwenda 56.1, nne, za aluminiamu. Za plastiki hulainika kwa joto la breki na kubaki zimeganda kwenye habu. Bila pete, gurudumu linategemea nati peke yake kukaa katikati, na dalili yake ni mtetemo kwenye usukani kuanzia kilomita 80 kwa saa, hata baada ya balansi tatu. Fundi atalaumu tairi. Angalia pete kwanza.

Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu, ni suluhisho la mwisho. Ile bapa ya milimita 5 inakula hesi za bolti. Nati ya M12 inatakiwa ishike angalau milimita 12 za hesi, na kwa hatua ya 1.25 hiyo ni karibu mizunguko 10. Hesabu mizunguko kwa mkono. Ikishika sita tu, vua spesa. Ya milimita 20 au zaidi iwe na bolti zake yenyewe na mdomo wa 56.1 pande zote mbili.

Rimu halisi, ya bandia, na ya mtumba

Rimu hutengenezwa kwa kumiminwa, kwa kumiminwa kisha pipa lake (sehemu ya mduara linapokaa tairi) kuvutwa kwa rola likiwa na joto, au kwa kufuliwa kwa shinikizo. Za kufuliwa ni nyepesi na hupinda kabla ya kupasuka. Za kumiminwa za bei rahisi hupasuka. RAYS Volk Racing TE37, iliyotoka 1996, ni ya kufuliwa, na huigwa sana. Sura haikusaidii kuzitofautisha, kwa kuwa vibandiko navyo huigwa. Mizani inasaidia. Rimu ya 17x8 ya kiwanda kizuri, kama Enkei RPF1, ina kilo kati ya 7 na 8. Inayofanana nayo ikifika kilo 10 au 11 ni kitu kingine. Tafuta pia alama za JWL na VIA zikiwa zimeumbwa ndani ya chuma, si kuchapwa kwa rangi: JWL ni kiwango cha Japani, VIA ni kwamba imepimwa na chombo huru.

Iga nzuri ya kumiminwa inaweza kutembea mjini miaka bila shida, tusidanganyane. Tatizo ni kuinunua kwa bei ya halisi na kuiendesha kama halisi.

Kwa ya mtumba, sema unataka kuiona bila tairi. Ukiambiwa haiwezekani, endelea na safari. Pitisha kidole kwenye mdomo wa ndani kuzunguka wote. Iweke kwenye mashine ya balansi na utazame mdomo ukizunguka. Mchezo unaozidi milimita 1 juu chini au kushoto kulia ni wa kurudisha. Tafuta nyufa kwenye maungio ya mikono na pipa, upande wa nyuma, kwa tochi iliyolazwa. Mdomo uliochomelewa na fundi mzuri unaweza kuvumilika nyuma ya gari. Mkono uliochomelewa, kamwe. Rangi mpya nzito inaficha mengi, na ikipakwa hadi ndani ya mashimo ya nati itakubana mara ya pili: rangi husagika chini ya nati, mbano unapotea, gurudumu linalegea lenyewe. Iparue kwenye koni hadi uone chuma.

Kufunga

Nati ziwe M12x1.25 zenye koni ya nyuzi 60. Duka likiwa limeisha, utapewa M12x1.5 za Toyota au Mitsubishi, nazo zitaanza kuingia mzunguko mmoja au miwili kabla ya kukaza. Hapo ndipo bunduki ya upepo inapomaliza kazi kwa kuharibu hesi zote tano. Anzisha kila nati kwa vidole, na ikikataa kwa vidole isimame hapo.

Safisha kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya. Usipake grisi kwenye hesi, kwa sababu mbano uleule wa spana utavuta bolti kupita kiasi. Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwanza kidogo gari likiwa juu, kisha kwa spana ya kipimo matairi yakiwa chini. Kipimo cha Impreza hizi kiko kati ya Nm 90 na 120 kulingana na mwaka. Fuata kitabu cha gari lako. Bunduki ya pancha inaweza kupita mara mbili ya hapo, na zawadi yake ni diski za breki zinazotetemesha kanyagio. Baada ya kilomita 80 hadi 100 kaza tena, rimu zikiwa zimepoa.

Ubavu ulioandikwa OUTSIDE ukae nje, mshale wa ROTATION uelekee mbele. Angalia yote manne kabla ya kulipa, maana hili hukosewa hata kwenye maduka yenye mashine za gharama. Ukiwa umebadilisha upana au urefu wa springi, pima alaimenti siku hiyohiyo. Kilomita 200 za kwanza endesha taratibu. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake, na utelezi huo unaonekana zaidi kwenye mvua.

Usisahau tairi la akiba. Lile la zamani la kwenye buti linaweza lisipite Brembo, au likawa na PCD ya habu zilizotolewa: lijaribu mbele nyumbani, si saa mbili usiku Chalinze. Likiwa dogo kuliko mengine, lifunge nyuma na uende kilomita chache tu. Kwenye baadhi ya Subaru za otomatiki za gia nne za enzi hizo, si zote, kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD kwenye chumba cha injini. Kama kwako kipo, chomeka fyuzi humo ukiwa na akiba ndogo, magurudumu ya nyuma yataacha kuvuta, na difu itapumzika hadi ufike kwa fundi. Kwa gari lisilo na kishikio hicho, likiwemo la gia za mkono, kilichobaki ni mwendo wa pole.